Jembe Lililopokewa kwa Mkono Mkavu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mvua za kwanza pale Karatu, miaka ile maduka yalipokuwa na rafu tupu na jembe halipatikani hata kwa kujuana. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye shuka, naondoka. Nilitaka nikawe kibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, niitwe kibarua, basi. Nilichoka kuitwa mhunzi.

Wewe hukuyaona, kwa hiyo nikueleze. Baba yangu alifua majembe, mikuki, sime na kengele za ng'ombe kwa springi za malori yaliyokufa, nami nilivuta mivukuto tangu sijang'oa meno ya utoto. Chuma chetu kila mtu alikitaka. Sisi wenyewe hakuna aliyetutaka. Wamasai walioshuka toka Ngorongoro walijipaka mafuta ya kondoo kiganjani kabla ya kupokea mkuki, ili uhunzi wetu usiwaambukize. Hao nawasamehe, ndiyo mila waliyozaliwa nayo. Lakini majirani zetu, watu wa kanisani, nao wakaiga. Nawataja: Safari Tluway na mdogo wake Daudi. Kwenye pombe ya kulimiana wenzetu walipokezana kibuyu kimoja, sisi Daudi alitumiminia kwenye kopo la kutu, halafu anacheka: "Kunyweni, mafundi. Chuma kwa chuma."

Na mimi nilimpenda Elizabeti, binti wa huyo Safari. Nilipotuma mshenga, mzee alimjibu, "Binti yangu haendi kupika kwenye masizi." Ndiyo maana nikafunga shuka.

Baba aliniona, hakuacha kupiga nyundo. "Mkataa kwao mtumwa," alisema.

"Wanajipaka mafuta kwa ajili yetu, baba, kana kwamba sisi ni upele."

"Upele humwota asiye na kucha, na wewe unazo. Kaa hapo, vuta mivukuto."

Kabla sijamjibu, Safari akaingia, Elizabeti nyuma yake. Jembe la mzee lilikuwa limekatika shingo, na majirani walikwishaanza kupanda. Baba alikuwa nalo moja, limetoka kuchovywa majini. Safari akatoa kichupa chake, akajipaka mafuta polepole, macho kwangu. Nikashika nyundo. Nakwambia kweli, sijui ningefanya nini. Baba alinikanyaga mguu.

Hapo Elizabeti akampita baba yake, akanyoosha kiganja, kikavu vilevile, akalipokea jembe lingali na uvuguvugu. Akalipima uzito. "Asante, baba," akamwambia baba yangu. Hakusema fundi. Alisema baba.

"Wee, umefanya nini?" Safari aliuliza.

"Nimepokea jembe, baba. Mvua haitungoji."

Akaliweka begani akaenda zake, na mzee akabaki na mafuta yake mkononi, hana pa kuyafuta.

"Haya," baba akaniambia, "sasa nenda Oldeani."

Nikafungua shuka.

Tulioana, ingawa kwa taabu. Safari hakuja harusini, na mpaka anaingia kaburini hakunywa maji kwangu. Kinyongo naye ninacho hadi leo, sitakudanganya. Lakini asubuhi ng'ombe wakiteremka malishoni nazisikia kengele, kila moja naijua kwa sauti, na Elizabeti huniita toka jikoni, "Ile ya mwisho imekohoa, uliifua na usingizi?" Mimi mzee wako nacheka, chai inanishuka vizuri.

Mwanangu, kazi huingia mwilini kama masizi kwenye kucha. Usijikwangue hadi damu kwa ajili ya watu wanaocheka. Ila kazi peke yake haimtoshi mtu. Nyundo ilinifanya mhunzi. Aliyenifanya mtu ni yule aliyepokea kazi ya nyumba yetu bila kujikinga. Waliojipaka mafuta waache na mafuta yao. Mshike huyo mmoja asiyejipaka, na wewe ukikutana na mchoma mkaa, mchimba kaburi, au yule anayefagia vyoo vya hoteli kule juu kwenye kreta ya Ngorongoro, mpe mkono wako mkavu kama ulivyo.

Mungu akupe kazi ya kuichosha mikono yako, mwanangu, na asikunyime mkono mkavu wa kuipokea.