Bip ya Pili

Simu ikilia halafu ukaipokea, hiyo nayo inahesabiwa kuwa bip? Baba aliniuliza swali hilo mbele ya mama, sebuleni kwetu Singe, nikiwa darasa la nne, na sikuweza kujibu. Akatabasamu. Tangu hapo nimesoma mpaka chuo kikuu, nimebishana na watu wanaolipwa kwa kubishana, na bado lile tabasamu likinijia natamani kuvunja kitu.

Simu yenyewe ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na kiantena kifupi juu. Ilikaa kwenye kifuko cha ngozi mkandani mwa baba, na sisi wengine hatukuigusa. Siku hizi watu husema kwamba simu zile zilitusogeza karibu. Zilimsogeza nani? Mama yangu alikuwa akitafuta wakati mzuri wa kuuliza kama imelia.

Vocha ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walibip. Unapiga, inalia kidogo, unakata kabla haijapokelewa, na hujakatwa kitu. Kila familia ilikuwa na mapatano yake. Bibi mzaa mama alipougua kule Dareda, mama na mdogo wake aliyekuwa akimuuguza walikubaliana hivi: jioni ikija bip moja, bibi yuko vilevile, zikija mbili, mama aende haraka.

Wanaume wa mtaani kwetu nao walikuwa na mchezo wao, wakiuita kudaka. Simu inawekwa karibu, kidole juu ya kitufe, na ikilia tu unaipokea kabla aliyebip hajawahi kukata, ili vocha yake iliwe. Baba alikuwa bingwa wa mchezo huo. Yeye mwenyewe vocha hakuwa nayo. Simu yake ilikuwa ya kupokea tu na ya kuonekana mkandani.

Jioni ile mama alikuwa bado shambani. Jirani yetu, fundi baiskeli, alikuwa amekuja kunywa chai, nami nilikaa mlangoni nachambua maharage. Simu ikalia mara moja ikakatika. Baba akaitoa kwenye kifuko, akaiweka kwenye goti, akasubiri. Ikalia tena. Mlio haukufika hata katikati.

“Haloo, leo nimekudaka,” alisema, na akaanza kucheka.

“Mzee, umeshamla mtoto wa watu,” fundi akasema, naye akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali, na hilo likawachekesha zaidi.

Upande wa pili hakuna aliyesema neno. Baada ya kitambo simu ikakatika. Baba akatazama kioo.

“Kumbe ni Dareda. Vocha imewaishia hao.”

Fundi alikwisha kuondoka mama aliporudi. Alisimamisha jembe ukutani na kabla hajanawa akauliza, “Baba watoto, Dareda wamebip?”

“Wamebip.”

“Ngapi?”

“Moja.”

“Mama, imelia mara mbili,” nikasema.

Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinigeukia kwa upole, kama mwalimu, akaniuliza lile swali. Kisha akamwelezea mama: imelia mara mbili, lakini ya pili aliipokea, na simu iliyopokelewa si bip tena. “Halafu nimepokea, hawakusema kitu. Mtu mwenye shida anapokelewa simu ananyamaza?”

“Labda niende tu kesho asubuhi,” mama alisema.

“Uende kwa bip moja? Mlikubaliana nini wewe na mdogo wako?”

Mama alinitazama, akamtazama yeye, akatazama ile simu. Kisha akaenda kunawa. Kati ya masikio yangu yaliyosikia na mtu mwenye simu, aliamini mwenye simu, na mimi sijawahi kumlaumu. Nani alimfundisha kuamini vingine?

Bibi alifariki alfajiri. Mama mdogo alipiga asubuhi, akapiga tena, lakini chaji ilikuwa imeisha na baba alikuwa ameipeleka simu dukani Maisaka kuchajiwa. Mama aliambiwa sokoni. Mwanamke wa Dareda aliyekuwa akichagua mbegu za maharage alimshika mkono akasema, “Pole na msiba.”

“Msiba upi?” mama akauliza.

Alifika akakuta jeneza limeshapigiliwa misumari. Kwenye maziko baba alisimama, kifuko mkandani, akashukuru watu kwa kufika. Wote wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa mtoto na nilijua kwamba Mungu hakuwepo sebuleni kwetu jioni ile. Alikuwepo baba, fundi, na chai iliyomwagika.

Mama hakuwahi kulizungumza. Alipokuja kupata simu yake mwenyewe, hakumbip mtu hata mara moja. Hata kama ni salamu tu, anapiga, anasubiri mtu apokee, anasema yote.

Mwaka jana nilikuwa Dareda kwa mama mdogo, tunamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nikamwambia ninachokasirikia zaidi ni vocha: angekuwa na salio kidogo jioni ile, angejaribu tena, na mama angepata gari la asubuhi akiwa anajua.

Aliacha kumenya. “Vocha ilikuwepo, mwanangu,” alisema. “Bip ya kwanza nilipiga mimi. Ya pili bibi yako alitaka kubonyeza mwenyewe, nikamshikisha simu. Akaiweka sikioni, akasikia watu wanacheka. Akasikiliza, akasikiliza, akanirudishia. Akasema, kwa dada yako leo wana furaha, usiwasumbue tena.”