Upepo wa Kupitisha Ng'ombe Zombo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ng'ombe. Nilipewa ndama, tena wa kuchunga palepale karibu na boma. Bosi wangu alikuwa baba, na baba hakuwa mtu wa kubembeleza. "Ukiwapoteza usiniletee machozi, niletee ndama," aliniambia. Nilipokomaa nikapandishwa kwenye mbuzi, kisha ng'ombe. Nyie mnaodhani kuchunga ni kufuata mikia na fimbo begani, hamjui kitu!

Masika tulilisha vilimani, kiangazi tukahamia mtoni. Mwaka mmoja maji ya juu yalikauka mapema, baba akanikabidhi kundi zima nilishushe. Njia ilikuwa moja, nyembamba, katikati ya mahindi mabichi ya mama mmoja wa Zombo. Ng'ombe wakiyavamia, njia ingefungwa, nasi hatukuwa na pengine pa kunyweshea.

Nilimkuta amesimama na jembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bua moja likilala, utanitambua!"

Nikasimamisha kundi. Upepo ulitoka mtoni, na ng'ombe mwenye kiu akinusa maji hashikiki. Baba alinifunza kungoja mpaka upepo utoke mgongoni. Ng'ombe walilia, ndimi nje, na moyo uliniuma kweli.

"Mbona hupiti?" mama akauliza.

"Nasubiri upepo, mama."

"Makubwa! Ng'ombe na upepo wapi na wapi?"

Nilirusha vumbi hewani, tena na tena, hadi likapeperuka kuelekea mtoni. Nikatangulia nikipiga mluzi. Jike mwekundu, kiongozi wa kundi, akanifuata, na wengine nyuma yake mmoja mmoja. Tulipomaliza shamba nikawaachia, wakatimka mpaka majini. Mama alikagua mahindi yake yote, hakuna hata bua moja lililolala. Nilijiona mwanaume, sifichi.

Baadaye nilichunga hadi Kidodi na pembezoni mwa hifadhi ya Mikumi, na popote nilipopita sikuacha ugomvi. Sasa magoti yamegoma, wanangu ndio wanaochunga. Juzi walinipakia pikipiki nikauone mto. Mama yule ameshafariki. Mwanawe amezungushia shamba senyenge, lakini njia yetu ameiacha wazi, pana kuliko zamani.

"Hapa mbona hukuziba?" nikamuuliza.

"Mama alitukataza, mzee. Alisema hapo ni pa yule kijana anayesubiri upepo."