Bando la Fundi

Siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwa mshona nguo, fundi mtandao aliipiga ruta mpya vikofi viwili, kama anayechagua tikiti maji. Kila alipoulizwa alijibu kwa sauti ya daktari: "Mtandao upo, mama, ila haujafika." Akazima, akawasha, akapuliza matundu, akazima tena. Binti wa mama huyo alikuwa ameshavaa, amekaa mbele ya kompyuta akisubiri usaili wa kazi wa saa nne. Ilipobaki robo saa, fundi akainua simu yake juu. "Huu hapa! Unakimbia!" Kompyuta ilikuwa bado imeduwaa. Mama akaitazama simu ile kama anavyotazama kitambaa cha muuzaji mwongo.

"Zima bando lako, baba, halafu unionyeshe."

Fundi akazima, na simu nayo ikaduwaa. Mama akainama, akachomoa waya wa mtandao ambao fundi aliuchomeka kwenye tundu la njano, akauchomeka kwenye la buluu lenye alama ya dunia. Taa ikageuka kijani, na binti akawahi usaili wake. Mlangoni fundi akanong'ona, "Majirani usiwaambie, mama."

"Siwaambii. Lakini nikikuita unakuja bure, hata kama ni kutundika pazia."

Fundi akabaki na jina lake. Mama akabaki na fundi.