Kompyuta Tuliyoiunga Ukonga

Siku ambayo baba yako aliugeuzia uso ukuta, mwanangu, bado naiona vizuri. Tulikuwa tunakaa Ukonga, kwenye nyumba ya babu yako, na Elia, kaka yangu, ndiye huyo baba yako, alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, mguu wa kulia umefungwa hogo la plasta kuanzia pajani. Vijana wa timu yake walikuja kumjulia hali. Wakamweleza kwamba nafasi yake ya winga ameshapewa mwingine. Aliwasikiliza kwa adabu, akawaaga kila mmoja kwa jina lake, na walipotoka tu akageukia ukutani.

Jumapili ulipokuja hapa kwangu Bunju, ulinionyesha kwenye simu picha ya kompyuta ya michezo unayotaka kuiunga, imejaa taa za rangi, ukaniuliza, "Shangazi, fedha yangu ndogo, nianze na nini?" Nikakwambia ngoja nifikiri. Basi nimefikiri, Neema. Kaa nikusimulie, kwa sababu baba yako hapendagi kuigusa habari hii, na mie nilikuwepo.

Gari lilimgonga Ubungo, anavuka barabara kwenda stendi kumpokea mama mdogo aliyekuwa anatoka Iringa. Daktari alisema atatembea, ila mpira asahau. Hilo neno la mwisho ndilo lililomlaza, siyo mfupa. Alikuwa kijana wa maneno mengi na kelele nyingi, tukabaki na mtu anayejibu kwa kukohoa. Mama alikuwa anampikia wali wa nazi siku za katikati ya wiki, jambo ambalo halikuwepo nyumbani kwetu, na sahani inarudi jikoni kama ilivyoondoka.

Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nilikuwa nimeona kwa rafiki yangu Kinondoni kompyuta yenye mchezo wa mpira. Nikamsimulia Elia, nikiongea na mgongo wake. Nikamaliza. Nilikuwa nanyanyuka niondoke aliposema, "Wana majina mgongoni?"

"Nani?"

"Wachezaji. Wana majina mgongoni?"

Nikamwambia wanayo, ingawa kwa kweli sikuwa nimeangalia. Nikatoka kwenda kumtafuta mama.

Babu yako alikuwa karani, mtu wa Iringa, mnyoofu, na alikuwa anaweka akiba ya makochi ya sebuleni. Akasema kompyuta ni kitu cha kazi, siyo cha kuchezea. Mama hakubishana naye. Alimuuliza tu, "Hayo makochi atayakalia nani, ikiwa mtoto mwenyewe hataki kukaa?" Babu yako akakunja gazeti, akatoka kwenda kutembea. Aliporudi, akaniita, akanikabidhi ile akiba.

Kompyuta nzima ya dukani hatukuiweza. Ilibidi tununue kipande kimoja kimoja, tuiunge wenyewe. Nikaelekezwa duka moja Temeke, la Mzee Nassoro, mtu wa familia yenye asili ya Kiarabu iliyouza redio na pasi pale tangu mie sijazaliwa. Sasa kwenye kabati lake la vioo walikuwa wamepanga vifaa vya kompyuta. Elia alikuwa ameniagiza prosesa, ubongo wa kompyuta, iliyo kubwa kuliko zote.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia, nikamtajia ninachotaka.

"Marahaba binti. Ya nani hii?"

Nikamweleza habari za kaka yangu, nikajikuta nimemweleza na za ule ukuta. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Anataka kucheza, au anataka kuwatambia wenzake? Kama ni kucheza, mchezo gani? Na kioo atakachoangalia kikoje?"

Nikamwambia mie nimeagizwa prosesa tu.

"Basi leo sikuuzii," akasema. "Nikikupa hiyo prosesa, kadi ya picha utanunua na nini? Mpira huo unachorwa na kadi. Rudi ukamuulize, mwambie mzee wa dukani ndiye anayeuliza."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini maswali yale, mwanangu, ndiyo yaliyomgeuza baba yako. Aliomba mito miwili, akaegemea, akanitaka nirudie maneno ya mzee yule polepole. Tangu siku hiyo nikawa napeleka maswali Temeke na kurudisha majibu Ukonga. Ubao mkuu, ule wa kuchomekea vifaa vyote, upi unakubali prosesa gani? Ramu ngapi za kumbukumbu zinatosha? Diski ya ukubwa gani? Elia alikuwa anabadilisha mawazo kila ninapoingia mlangoni, na alianza kula.

Ikaja siku ya kumalizia. Zilibaki kadi ya picha na pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme. Elia alikuwa ameichagua kadi kubwa, ameiota, jina lake nimelishika kama sala. Mzee Nassoro akaniambia nikiichukua hiyo, fedha inayobaki itanunua pawa saplai ya bei ya chini tu. Akaniwekea hiyo mkononi. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Akaniwekea nyingine mkono wa pili, ikaushusha mkono wangu.

"Kwenu umeme ukoje?" akauliza.

Ulikuwa unakatika na kurudi kwa kishindo, taa zinawaka kama zinataka kupasuka.

"Hii nyepesi ikiungua, inaweza kuondoka na wenzake," akasema. "Lakini mwenye fedha ni wewe."

Nyumbani hapakuwa na simu. Nilisimama pale dukani, nikamuwaza Elia na kadi yake, nikawaza na makochi ya babu yako yaliyogeuka vyuma. Nikachukua pawa saplai nzito na kadi ndogo.

Elia alipofungua boksi aliangalia kadi, akaniangalia mie. "Hii nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Sasa?"

"Sasa mie ndiye niliyekuwa dukani, kaka."

Akaiweka chini, taratibu, akageukia ukutani. Vile vifaa vikakaa kwenye mkeka na maboksi yake, mama anafagia kwa kuvizunguka. Mie nikawa najiuliza kama nimemrudisha kulekule tulikomtoa.

Asubuhi moja nafua uani, nikasikia chuma kinagonga chuma. Nikachungulia. Elia alikuwa amejikokota mpaka kwenye mkeka, amekaa sakafuni, mguu ameunyoosha, na ubao mkuu ameulaza juu ya hogo kama meza. Ana bisibisi mdomoni. "Njoo ushike hapa," akasema.

Tulivyoiwasha, feni zilizunguka, ikalia milio mifupi, kioo kikabaki cheusi. Nilitaka kulia. Elia akaizima, akachomoa ramu, akairudisha na kuikandamiza mpaka ikalia ta. Tukawasha tena, picha ikaja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake.

Kwa macho yako ya leo ungecheka. Nyasi zilikuwa kama zulia, na sura za wachezaji kama zimefinyangwa kwa udongo. Lakini walikuwa na majina mgongoni, na mpira ulikwenda. Haikupita wiki, wale vijana wa timu wakaanza kurudi, viatu vinajaa mlangoni, babu yako anaruka ndala za watu akitoka kazini bila kulalamika.

Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda na Elia akawa anachechemea. Hapo ndipo alipogoma kutoka nje. Watu waje kwake, sawa, yeye haendi. Alikuwa anawachapia majirani barua kwa ile kompyuta, akawa anapata chochote. Ukatoka mchezo mpya ambao kadi yetu haikuuweza. Akanipa fedha, akanitajia kadi.

"Siendi," nikamwambia. "Duka unalijua kwa maelezo yangu, na kadi umeichagua mwenyewe."

Alinikasirikia sana. Hata salamu yangu hakuijibu vizuri. Kisha Jumamosi moja akapiga pasi shati, akachukua fimbo, akatoka. Mama alitaka kumfuata, babu yako akamshika mkono. Tulimwangalia dirishani sote watatu, anavyochechemea mbele za watu, mpaka akapinda kona ya ukuta wa gereza la Ukonga.

Alirudi alasiri ametota jasho, boksi kwapani. Mzee Nassoro alikuwa amemkalisha, amempa kahawa, wakazungumza mpira mpaka wakasahau biashara. Kadi mpya tukaichomeka palepale, na pawa saplai yetu ikaibeba bila kubadilisha kitu kingine. Elia akaigonga kwa kidole ile pawa saplai, akasema, "Ulinunua vizuri, dada." Hayo tu. Jumatatu yake akatoka tena, akaenda kutafuta kazi.

Mzee Nassoro ameshatangulia mbele za haki. Nyumba ya Ukonga tuliiuza, na kompyuta yenyewe sijui iliishia wapi. Wakati mwingine nikiwa peke yangu natamani kusikia tu ule mvumo wa feni, na vijana wanabishana sebuleni bila makochi.

Basi mwanangu, anza na mchezo unaotaka kuucheza na kioo utakachoangalia, ndipo utajua unahitaji nini. Sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kadi ya picha, na prosesa iwe ya kuendana nayo. Hakikisha ubao mkuu unazikubali. Kadi ya mtumba siyo aibu, ila usiitoe dukani kabla hujaiona ikifanya kazi. Kwenye pawa saplai usibane hata kidogo, chukua yenye nguvu kuzidi mahitaji yako ya leo, ili kesho ukipata uongeze bila kubomoa. Taa za rangi zitasubiri. Na usiagize kila kitu kwa simu. Nenda dukani, shika kwa mkono, uliza, na muuzaji akikuuliza maswali usimkasirikie. Mwombe baba yako akusindikize. Atasema ana kazi. Mwombe tena.

Mungu akujalie macho ya kuchagua na subira ya kuunga, akuletee watu wa kukaa nawe mbele ya hicho kioo, na mlango wako usikose viatu vya wageni. Nenda salama, mwanangu.