Kikaratasi Ndani ya Bomba la Siti

Nilikwenda Mpanda kwa sababu ya baiskeli. Kutoka nyumbani kwetu Usevya hadi shule ninayosoma kidato cha tatu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na tangu mwezi wa tatu nilikuwa natembea. Baba alikuwa ameipakia baiskeli juu ya basi akaenda nayo Mpanda kuuza mchele. Huko akaiegemeza nje ya duka bila kufuli, kama tunavyoziegemeza huku kwenye ukuta wa kanisa kila Jumapili. Alipotoka dukani hakuikuta.

Likizo ya mwezi wa sita, baba mdogo anayeishi Mpanda alipiga simu. Alisema amemwona muuza mikate akipita na baiskeli yenye siti ya kitenge, na kitenge hicho alikishona mama. Baba alikuwa kwenye mavuno ya mpunga. Akaniambia, "Nenda wewe. Wewe ndiye unaijua vizuri." Nilitamani amtume mtu mwingine yeyote. Kwangu mimi, kuongea na watu nisiowajua ni kazi ngumu kuliko kuvuna.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi. Tulipita hifadhini, na pale Sitalike abiria wote wakaegemea upande mmoja kuwaangalia viboko waliojazana kwenye tope. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi: "Shikamoo, naomba tuongee, hii baiskeli ni ya baba yangu." Kila nilipoirudia ilipungua. Tunaingia mjini ilikuwa imebaki "Shikamoo".

Mpanda baiskeli ni nyingi, ila hazikai kama za kwetu. Kila moja imefungwa mnyororo, nyingine kwenye nguzo, nyingine kwenye mti, na moja niliona imefungiwa kwenye mguu wa benchi ambalo mwenyewe amelikalia. Baba mdogo akacheka nilivyokuwa nashangaa. "Shinyanga nilikokaa, baiskeli inabeba abiria, ni kazi ya mtu," alisema. "Ukimwibia umemwibia shamba. Sasa sikiliza. Tukimpata huyo mtu, usitamke neno mwizi. Hapa mjini ukishalitamka, huwezi kulirudisha mdomoni."

Kesho yake asubuhi tulimsubiri kwenye banda la fundi baiskeli, ambapo muuza mikate hupita. Akaja, mwanaume mwembamba, kreti la mikate limefungwa kwa mpira wa tairi. Wanamwita Baba Neema. Niliiona siti, nikaenda moja kwa moja, nikashika keria.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nikupe mingapi, binti?"

Nikabaki nimeshika keria. Baba mdogo ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya chini. Baba Neema hakukasirika, ila uso ulimshuka.

"Mimi nimeinunua mnadani, mbele ya watu," alisema. "Nyie mna risiti?"

Hatukuwa nayo. Baba aliipata kwa mtu aliyepita kijijini, akamlipa kwa magunia ya mpunga. Lakini kwetu namba ya baiskeli huwa haiaminiki, maana wezi huikwangua. Mtu akipata baiskeli huandika jina na kijiji chake, anaviringisha karatasi ndani ya nailoni, anaichomoa siti na kuisukuma karatasi ndani ya bomba.

"Kuna kikaratasi," nikasema. Hiyo ndiyo sentensi yangu ya pili.

Fundi akachomoa siti, wakaipindua baiskeli. Nikakinga mkono chini ya bomba. Ikadondoka nailoni ya bluu, baba mdogo akaichukua, na yeye na Baba Neema wakainama kusoma jina la baba. Fundi alikuwa bado anagonga bomba. Kitu kingine kikadondokea kiganjani kwangu: nailoni nyeusi, kuukuu. Nikafumba mkono.

Baba Neema akasoma mara mbili. Kisha akaanza kufungua mpira wa kreti lake, polepole. "Basi," alisema. "Jina halina ubishi." Akaliweka kreti begani, akaondoka kwa miguu. Sikusema kitu, na baba mdogo akadhani ni aibu, maana amenizoea hivyo.

Saa sita mchana nilikifungua kile kikaratasi chooni kwa baba mdogo. Kilikuwa na jina la mtu wa Kapalamsenga, kule ziwani, na maneno haya: Baiskeli hii siiuzi. Ikionekana kwa mtu mwingine, imeibwa. Baba alikuwa amesukuma karatasi yake juu ya hii bila kuangalia ndani kwanza.

Nilirudi Usevya siku iliyofuata, baiskeli juu ya basi. Mama akanipokea kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilivumilia mpaka baada ya chakula, ndipo nikampa baba ile nailoni nyeusi. Alisoma, akaikunja tena.

"Baba yako mdogo ameiona?"

"Hapana."

"Ungeionyesha kule, ungerudi na baiskeli?"

"Nisingerudi nayo. Tungekuwa sawa na yule wa mikate, sote tumenunua mali ya wizi."

Akatoa simu, akampigia baba mdogo, akamwomba aende kwa Baba Neema na ampe simu. Nilidhani baba ataongea mwenyewe. Simu ilipopigwa tena na akaisikia sauti ya Baba Neema, akanikabidhi mimi.

Nikasema yote, mpaka la kufumba mkono. Baba Neema alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa shuleni utakwenda na nini?"

"Nitatembea."

"Haya. Na mimi natembea. Watu wananiambia mikate yangu siku hizi inachelewa." Akacheka kidogo. "Asante kwa kuniambia, binti."

Baiskeli sasa iko ndani, imelazwa kando ya magunia, na hakuna anayeipanda. Baba ametuma ujumbe Kapalamsenga kwa dereva wa lori la dagaa. Mwenyewe akija ataichukua. Asipokuja, baba na Baba Neema watakaa waongee. Nilikuwa naamini mtu asiyeongea hawezi kudanganya. Pale bandani nilimdanganya mtu mzima bila kufungua mdomo. Jumatatu shule inafunguliwa, na nimeshamwambia mama aniamshe saa kumi na moja.