Mawese Kwenye Gurudumu la Kulia

Wiki iliyopita niliweka mawese motoni kwa ajili ya pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, simu ikanishika kwa maneno, na nilipogeuka sufuria ilikuwa inatoa moshi. Mtu mwingine angekimbilia kufungua dirisha. Mimi nilibaki nimesimama, mwiko mkononi, nina miaka saba tena, miguu mitupu kwenye kiwanja chetu cha Kisangani, asubuhi ya mvua, na pikapu ya papa, baba yangu, inatoka kwenda njiani ikiacha nyuma yake harufu hiyohiyo ya mawese yanayoungua. Ilinuka hivyo majuma kadhaa, na hakuna mtu mzima aliyejiuliza kwa nini. Walidhani ni jirani anapika.

Papa alikuwa mtu wa mto. Alizaliwa Yanonge, akakulia ndani ya mtumbwi, na alipopata ile pikapu kuukuu aliiendesha kama mtumbwi: akikata kona aliegemeza mwili wote upande mmoja, kana kwamba gari lingepinduka asipolisaidia. Kazi yake ilikuwa kupeleka wamama wachuuzi Banalia na kuwarudisha na mchele, ndizi na samaki wa moshi. Aliondoka alfajiri, akarudi jua linapoanza kulegea, na kila siku aliegesha palepale: upande wa kushoto wa gari ukigusa ukuta wa nyumba, upande wa kulia ukitazama jiko la mama.

Najua mtu wa Butembo, kule milimani, angeicheka baridi yetu. Lakini mvua ikinyesha usiku kucha Kisangani, asubuhi kunakuwa na ukungu mzito kutoka mtoni, na mawese yanaganda kwenye chupa mpaka uyachokoe kwa kijiti. Asubuhi za namna hiyo mama alituita mmoja mmoja, akatupaka mafuta miguu, mikono na uso, akivuta mashavu yetu kwa nguvu. Alisema mtoto wake hataenda shule na ngozi ya mamba.

Siku moja, nikiwa nimeshang'arishwa, nilichuchumaa karibu na gurudumu la mbele nikachungulia ndani, kwenye matundu ya rimu. Mle ndani kuna sahani kubwa ya chuma. Jioni iliyotangulia niliiona inang'aa kama kioo. Asubuhi hiyo ilikuwa imeota kutu, rangi ya kahawia, imekauka na kupauka kama goti langu kabla ya kupakwa. Niliihurumia sana. Gari letu lililala nje mvua yote ile, na hakuna aliyelifikiria.

Mafuta ya ngozi mama aliyafungia kabatini. Mawese yalikuwa wazi, jikoni. Nilichota kidogo kwenye kopo, nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikapaka ile sahani kwa utaratibu, hata pembeni, hata mahali ambapo vidole vilifika kwa shida. Baadaye nikafanya hivyo kila asubuhi ya baridi. Sikujificha. Watu wote walikuwa na haraka saa zile, na mtoto aliyechuchumaa karibu na gari haonekani kama kitu kipya.

Basi pikapu ikaanza kuumwa. Papa akikanyaga breki, au freni kama tunavyosema sisi, gari lilikimbilia kushoto lenyewe. Alirudi akimweleza mama kwamba asubuhi usukani unampigania kama samaki mkubwa, halafu jua likipanda gari linanyooka, linakuwa na adabu, mpaka kesho yake. Mama alimwambia alipeleke kwa kaka yake.

Kaka wa mama alikuwa Tonton Ramazani, yaani mjomba wetu, fundi wa magari, mtu wa Maniema kama mama, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na injini kwa sauti ya chini. Garaji yake ilikuwa Makiso, katikati ya mji, nayo ilijulikana. Papa alimpelekea gari baada ya safari, saa tisa mchana. Tonton alifungua, akatazama, akafunga, akalizungusha mtaani, akasema halina kitu. Kesho yake asubuhi likavuta kushoto. Papa akarudi tena, saa tisa tena. Tonton akabadilisha mipira ya kuzuia mafuta ya breki yasivuje, maana ndiyo iliyobaki kushukiwa. Wapi. Mara ya tatu alimwambia papa, na maneno haya mama alikuwa akiyaigiza jikoni kwa kicheko: "Unaniletea mugonjwa saa tisa, jua iko kali, amekwisha kupona. Miye nitamutibia nini?"

Papa hakucheka. Alianza kusema kwamba pengine mikono ya shemeji yake imechoka.

Kisha ikaja asubuhi ya daraja. Ukielekea Banalia, barabara inateremka kwenda kwenye daraja la mto Tshopo, na saa zile mteremko unajaa watu wa toleka, wale wa baiskeli za kukodi, wanaosukuma baiskeli zao kupanda mjini na mizigo. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Papa alikanyaga breki mapema, kwa uangalifu, na gari likamtupa kushoto, moja kwa moja kwa kijana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi pande zote mbili. Kijana aliachia baiskeli akarukia mtaroni. Pikapu ilisimama juu ya ndizi. Wamama nyuma walikuwa kimya, na hilo ndilo lililomtisha papa zaidi, kwa sababu hakuwahi kuwasikia wamama wale wakiwa kimya.

Kijana alitoka mtaroni mzima, tope mpaka masikioni. Lakini papa alirudi nyumbani bila kufika Banalia. Alikaa kwenye kiti nje ya mlango na koti lake limelowa, hakulivua. Mama alipomletea chai alisema kwamba Ramazani nusura amfanye muuaji, na kwamba hataki kumuona tena kiwanjani kwake. Mama aliweka kikombe chini taratibu akaingia ndani. Siku mbili zilizofuata wazazi wangu walizungumza kupitia kwangu: mwambie papa chakula kiko mezani, mwambie mama nimekisikia.

Siku ya tatu, alfajiri, mvua ya manyunyu, Tonton Ramazani aliingia kiwanjani bila kuitwa. Alivaa koti refu la kijani na kofia ya sufu, akaomba kigoda. Alimwambia papa kwamba hakuja kugombana, alikuja kumuona mgonjwa mahali anapolala, kabla hajaamka na kabla hajapata joto, kwa sababu ugonjwa wa asubuhi hauonekani mchana. Papa alimjibu kwa kutazama pembeni. Mama, aliyekuwa hajacheka siku mbili, alimletea kaka yake chai na mikate ya moto, akasimama mlangoni.

Nami nikatoka jikoni na kopo langu.

Niliwasalimia wote kwa heshima. Nilifurahi kwamba tonton amekuja, na nilitaka akute gari limependeza. Nikachuchumaa mahali pangu, nikachokoa mawese yaliyoganda, nikaanza kupaka. Nilimsikia papa akiinuka kwenye kiti. Nilimsikia pia tonton akisema polepole, "Acha, shemeji. Tuone."

Alikuja akachuchumaa karibu nami, magoti yake yakalia, akaniuliza ninafanya nini.

"Napakala gari mafuta," nikamwambia. "Na hii baridi, ngozi yake inakauka."

Alitikisa kichwa kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake. Akaniuliza kwa nini upande wa kushoto sipaki.

"Kule kuko ukuta. Mukono yangu haifikake."

Tonton aliingiza kidole kwenye tundu la rimu, akakitoa chenye rangi ya machungwa, akakinusa, akakiweka ulimini. Kisha akamgeukia papa na kumweleza yote, bila haraka. Gurudumu la kushoto lilikuwa kavu, linashika. La kulia lilikuwa na mawese yaliyoganda, linateleza. Ndiyo maana gari lilivuta kushoto. Safari ikiendelea chuma kilipata moto, mawese yakayeyuka na kuungua, na kufika saa tisa hapakuwa na kitu cha kuona. Mama alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na nilidhani analia mpaka niliposikia sauti.

Papa hakucheka wala hakunipiga. Alikaa tena, akashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu alimwambia shemeji yake anywe chai kabla haijapoa. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na tonton aliielewa, kwa sababu alimega mkate akampa nusu.

Asubuhi hiyo hiyo tonton alifungua gurudumu, akanionyesha ile sahani na vile vipande viwili vinavyoibana ili gari lisimame. Alinifuta mikono kwa kitambaa, akasema ngozi hii ya gari inapenda kuwa kavu, na kutu ya asubuhi inaondoka yenyewe kwa breki mbili tatu. Tuliosha kwa sabuni na maji ya moto, mimi na yeye. Vile vipande vilikuwa vimeanza kunywa mawese kwa ndani, mahali jicho halifiki, akaweka vingine.

Mimi niliondoka pale nikijiona nimepandishwa cheo. Nilichokumbuka ni mikate, kicheko cha mama, na pikapu iliyonyooka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu tayari, mzee mmoja wa mtaani aliniambia kwamba Ramazani alikuwa fundi mzuri ila kuna wakati aliacha mafuta ya breki yavuje kwenye gari la shemeji yake, nusura watu wafe darajani, na wateja wengi wakamkimbia. Nilimuuliza nani alimwambia hivyo. Akasema: yeye mwenyewe Ramazani. Alikwenda mpaka kwa kijana wa toleka, akamnyooshea baiskeli, akamwambia kosa lilikuwa la mikono yake.

Nilihitaji siku nzima kuelewa. Miaka ile, katika mitaa yetu, mtoto akihusishwa na ajali alikuwa anapewa jina moja tu, ndoki, yaani mchawi, na wako watoto niliocheza nao ambao kwa jina hilo walifukuzwa nyumbani wakalala sokoni. Gari linalougua kila asubuhi na kupona mchana, na mtoto anayelipaka kitu alfajiri: hadithi hiyo isingehitaji msimuliaji hodari. Watu wazima watatu waliiona hatari hiyo wakiwa bado na chai mkononi, na mmoja wao akatoa jina lake lipakwe matope badala ya langu.

Nilikwenda Makiso kumuuliza. Alikuwa amezeeka, analala mchana kwenye kiti cha gari alichokigeuza kochi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata nilipokuwa mkubwa. Alionekana kushangaa kwamba hilo ni swali.

"Miye nilikuwa mutu muzima," alisema. "Weye ulikuwa na myaka saba."

Kisha akaniuliza kama nimekula.