Dumu Moja la Petroli

Tangu aanze kuuza mafuta kwenye sheli hapa Masumbwe, Philomena hakuwahi kumjazia mtu petroli kwenye dumu. Wachimbaji walimwita Polisi. Mimi nauza chai na vitumbua ng'ambo ya barabara, nimewasikia wakimbembeleza, wakimtania, wengine wakimchumbia kabisa ili mradi dumu lijae. Jibu lake lilikuwa moja tu: lete chombo chenye tangi.

Hakuwa na roho mbaya. Mwaka juzi dumu lilishika moto palepale kwenye pampu, mwenzake Sesilia akaungua mikono yote miwili. Philomena ndiye aliyeuzima moto ule kwa mchanga. Sesilia mpaka leo hawezi kufunga kifungo cha blauzi. Sasa mtu aliyeyaona hayo utamwambia nini kuhusu dumu?

Basi masika haya, mchana wa mvua, akaja Mwita kwa baiskeli, ametapakaa tope, dumu la njano limefungwa nyuma. Mwita anasimamia duara moja huko machimboni, yaani lile shimo refu wanalochimbia dhahabu. Kwenye duara, mashine ya kuvuta maji haizimwi watu wakiwa chini, na daima yupo mtu juu anayeisikiliza. Wiki ile askari walikuwa wamewafagia wauza petroli ya chupa wote, akiba ya mafuta ikakata.

"Dada, mashine imenyamaza," alisema Mwita. "Watatu wamo chini na maji yanapanda."

Kila mtu wa huku anajua maana ya maneno hayo. Niliweka birika chini.

"Tafuta pikipiki," Philomena akamwambia. "Nitaijaza tangi, mkayanyonye mafuta hukohuko."

Ilikuwa akili nzuri, sikatai. Mwita akakimbilia kijiweni kwa bodaboda, akamwangukia mmoja baada ya mwingine. Njia ya machimboni ilikuwa tope tupu, na hakuna aliyekubali kuipeleka pikipiki yake. Wanaume haohao hunywa chai yangu, na tangu siku ile nawabania sukari. Mwita alirudi analia.

Philomena aliitazama kamera iliyo juu ya nguzo. Kisha akalifungua lile dumu kwenye baiskeli, akaliweka chini sakafuni, akamfukuza kila aliyekuwa karibu, akalijaza polepole kama anayemnywesha mgonjwa uji.

Mashine iliwaka. Wawili walitoka kwa miguu yao. Wa tatu, Bujiku, alitolewa amebebwa, roho ilikuwa imeshamtoka.

Kesho yake mwenye sheli, anayeitazama kamera ile kwenye simu akiwa Kahama, akapiga simu. Meneja Edward akamwita Philomena, akamwambia avue sare na kuikabidhi.

"Sheria ni sheria, dada," alisema bila kumtazama usoni. "Hata Sesilia angekuambia hivyo."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kufukuzwa kwenyewe, kwa sababu hayakuwa uongo. Nilivuka barabara nikamfunika khanga yangu.

Mji mzima ulimsifu. Mimi pia nilimsifu, na mwenye sheli nikamtukana hadi sauti ikanikauka. Philomena alikaa kwenye benchi langu, chai ikampolea mkononi.

Duara lilipotoa mawe tena, wachimbaji walimletea kiroba kimoja. Mgao wa mawe ya dhahabu huwa kwa viroba: cha mwenye shamba, cha mwenye mashine, cha kila aliyeshuka. Hiki walisema ni chake, kama mtu aliyeshuka. Hakukipeleka kusagwa. Alijitwika kichwani hadi kwa Mbuke, mjane wa Bujiku, nami nikafuatana naye.

"Mwadila, mayu," Mbuke aliniamkia kwa Kisukuma, akatutandikia mkeka. Akaanza kumshukuru Philomena, jinsi alivyopoteza kazi kwa ajili ya mume wake.

"Usinishukuru," Philomena akamkatiza. "Mwita nilimkatalia kwanza. Nilimtuma akatafute pikipiki, akawa anahangaika huku maji yanapanda. Ningejaza palepale, labda Bujiku angetoka."

Nilitamani kumziba mdomo. Nani alimwuliza? Lakini ndilo lililokuwa likimla siku zote zile kwenye benchi langu. Sisi tulimsikitikia kwa kuivunja sheria, kumbe yeye analilia ule muda alioishika.

Mbuke hakusema amesamehe, wala hakusema hakuna kosa. Aliinuka akaleta kiroba kitupu, akakifungua kile cha mawe, akayagawa kwa mikono yake, jiwe huku, jiwe kule, mpaka viroba vikalingana. Kimoja akakisukuma mbele ya Philomena.

"Na wewe ulikuwemo," alisema. "Beba chako."

Njia nzima nilimwomba nimpokee. Alikataa, akakibeba mwenyewe hadi nyumbani.